Nani Alilipa Nauli ya Ndege ya Mboya?

Wiki hii tulizungumzie jambo ambalo wengi wetu tumelipokea bila kuliuliza: kwamba vijana wa Kenya waliopanda ndege kwenda kusoma Marekani katika miaka ya mwisho ya ukoloni walipelekwa huko na John F. Kennedy. Nimelisikia likisemwa mazishini, nimelisikia kwenye harambee za shule, na hata Barack Obama, alipokuwa seneta akiwania urais, alilisema jukwaani mjini Selma tarehe 4 Machi, mwaka 2007, kwamba babake alifika Marekani kwa msaada wa akina Kennedy. Tarehe zinakataa. Baba huyo alifika Hawaii mwaka 1959, na fedha za Kennedy hazikutoka mpaka mwaka uliofuata. Sasa basi, ikiwa si Kennedy, nani alilipa?

Swali hili si la kupigia soga tu. Anayekumbukwa kuwa ndiye aliyelipa ndiye tunayejiona tuna deni naye. Na tukikosea jina la mdai, tutalipa deni mahali pasipo pake.

Tuanze na hali ilivyokuwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950, kijana Mwafrika wa Kenya aliyetaka shahada alikuwa na mlango mmoja wa karibu, nao ni Makerere nchini Uganda, ambako nafasi zilikuwa za kuhesabu. Chuo cha Royal Technical mjini Nairobi kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1956, lakini bado hakikuwa chuo kikuu. Dar es Salaam haikuwa na chuo kikuu chochote mpaka Oktoba 1961, nacho kilianza na kitivo cha sheria peke yake na wanafunzi wasiofika ishirini. Uingereza ilitoa nafasi chache, tena kwa utaratibu wake na kwa mwendo wake. Wakati huohuo uhuru ulikuwa unabisha hodi. Nani angekaa katika ofisi za wakuu wa wilaya? Nani angekuwa daktari, mhandisi, mwalimu wa shule ya sekondari?

Tom Mboya aliliona pengo hilo mapema. Yeye mwenyewe hakuwa na shahada. Alikuwa amesoma mwaka mmoja tu katika Chuo cha Ruskin kule Oxford. Pamoja na wenzake kama Dakta Julius Gikonyo Kiano, aliyesomea Marekani hadi kupata udaktari wa falsafa, alianza kuvitafuta vyuo vya Marekani vilivyokuwa tayari kuwapokea vijana wetu. Nafasi zikapatikana. Ila, chuo kikisema njoo usome bure, hakisemi utafikaje. Kati ya Nairobi na New York kuna bahari, na nauli ya ndege ilikuwa mlima.

Mwaka 1959 Mboya alizunguka Marekani akihutubia watu vyuoni, makanisani na katika kumbi za vyama vya wafanyakazi. Mfanyabiashara mmoja rafiki yake, William Scheinman, alisaidia kuunda mfuko wa kuwasaidia wanafunzi wa Kiafrika. Mchezaji mashuhuri wa besiboli Jackie Robinson, mwimbaji Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, wote Wamarekani Weusi, walitia sahihi barua ya kuomba michango. Fedha zikaja kutoka kwa maelfu ya watu wa kawaida, kidogo kidogo. Mwezi wa Septemba 1959 ndege ya kukodi iliondoka Nairobi na wanafunzi 81. Hiyo ndiyo ndege ya kwanza, na hapo Kennedy alikuwa bado hajatoa hata senti moja.

Yafaa tukumbuke pia kwamba katika mwaka huo Mwamarika Mweusi wa majimbo ya kusini alikuwa bado anatengwa katika shule, mikahawa na mabasi. Martin Luther King, ambaye kanisa lake la Montgomery lilikuwa katikati ya mapambano hayo, aliandikiana barua na Mboya na akahimiza msaada kwa mwanafunzi wa Kenya aliyekuwa akisoma Alabama. Mtu ambaye mwenyewe alikatazwa kuketi anapotaka alitoa chake ili kijana wa Kenya apate kiti darasani. Huyo naye tumemsahau tulipokuwa tunamtaja Kennedy.

Kennedy aliingia mwaka 1960. Orodha ya wanafunzi ilikuwa imerefuka, na safari hii ilikuwa na vijana wa Tanganyika, Uganda na Rhodesia ya Kaskazini pia. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliombwa nauli ikakataa. Mwezi wa Julai Mboya alimwendea Kennedy nyumbani kwake Hyannis Port, na wakfu wa familia yake ukaahidi dola 100,000. Kumbuka, msikilizaji, kwamba huo ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na mpinzani wa Kennedy alikuwa Makamu wa Rais Richard Nixon. Upande wa Nixon ulipopata habari, wizara ileile iliyokuwa haina fedha ikagundua kuwa nayo ina dola 100,000. Jambo likafika katika Baraza la Seneti, seneta mmoja wa chama cha Nixon akawatuhumu akina Kennedy kuwa wananunua sifa, na maneno yakawa mengi kuliko nauli yenyewe.

Wahenga walisema fahali wawili wapiganapo, ziumiazo ni nyasi. Mwaka ule nyasi zilipata samadi. Katika ndege za 1960 alikuwamo msichana aliyekuwa akienda Chuo cha Mount St. Scholastica, Atchison, katika jimbo la Kansas. Ndiye Wangari Maathai, aliyerudi, akapata udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, na Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Hadi mpango ulipokoma mwaka 1963, vijana wapatao 800 walikuwa wamekwenda.

Na fahali hawakuwa wa Marekani pekee. Moscow ilifungua Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa mwaka 1960, na mwaka 1961, baada ya kuuawa kwa Patrice Lumumba, kikapewa jina lake. Jaramogi Oginga Odinga aliwatafutia vijana nafasi katika nchi za Mashariki, na kwa kuwa mkoloni hakuwa akiwapa hati za kusafiria, baadhi yao walipitia Uganda na Sudan hadi Cairo. Tukumbuke kwamba kusoma bure hakukuwa bure. Mwaka 1963 wanafunzi wa Kiafrika waliandamana mjini Sofia, na mwezi wa Desemba mamia wakaandamana hadi Uwanja Mwekundu wa Moscow, kwa sababu ya ubaguzi na baada ya kifo cha mwenzao kutoka Ghana. Kule walikoambiwa hakuna ubaguzi waliukuta, kama vile wenzao walivyoukuta Marekani.

Mpaka hapa nimewataja wafadhili wenye majina. Sasa nimfikie yule asiye na jina.

Mwanafunzi aliyepata nafasi chuoni na kiti ndegeni alikuwa bado hana viatu, hana koti la baridi, hana fedha za mfukoni, na mara nyingi hana sehemu ya gharama aliyotakiwa kuitoa mwenyewe. Hizo zilitoka kijijini. Zilifanywa karamu za chai ambapo kikombe kimoja kiliuzwa kwa bei ya kumi. Zilichezwa ngoma za kiingilio. Ng'ombe waliuzwa, na mashamba pia. Marehemu nyanyangu alikuwa akisimulia kwamba alitoa kuku wawili kumchangia kijana wa kijiji cha pili, kijana ambaye hakuwa wa ukoo wetu wala hakuwahi kusema naye. Kuku hao walipigwa mnada baada ya ibada. Hakuna stakabadhi iliyoandikwa. Picha haikupigwa, na gazeti halikuja.

Nimewahi kuwahoji wazee wengi katika kazi hii ya utangazaji, na kila nikiuliza habari za ndege za Mboya, hunitajia kwanza nani alitoa nini: fulani mbuzi, fulani gunia la mahindi, fulani shilingi mbili. Kennedy huja mwishoni, akija. Kumbukumbu ya kijiji na kumbukumbu ya vitabu hazifanani, nami naiamini ya kijiji.

Sitaki lakini niipambe kupita kiasi. Deni la kijiji nalo lilikuwa na makali yake. Waliorudi na shahada walikuta foleni mlangoni: huyu anataka mwanawe aajiriwe, yule anataka kesi ya shamba imalizwe. Aliyechangia kuku alitaka kurudishiwa ng'ombe. Ninaamini sehemu ya upendeleo tunaoulalamikia hadi leo ilichipuka kwenye karamu zile za chai. Aidha, kulikuwa na manung'uniko kwamba nafasi nyingi zilikwenda kwa jamii chache kubwa. Palipokuwa na shule nyingi za sekondari ndipo palipotoka wenye vyeti, na kwingineko watu walibaki kuitazama ndege ikipita juu.

Hata hivyo kuna tofauti moja kubwa kati ya mfadhili wa mbali na mfadhili wa kijijini. Wa mbali hutoa kwa sababu zake, na sababu zikiisha, mkono nao hurudi mfukoni. Nilipokuwa nikisomea diploma yangu ya uandishi wa habari, wenzangu wawili darasani walikuwa wakilipiwa karo na shirika moja la kigeni. Walikuwa hodari kunishinda. Katika muhula wa nne ikaja barua ya kurasa mbili, yenye lugha ya adabu sana, ikieleza kwamba shirika limebadili vipaumbele vyake. Mmoja alichangiwa na jamaa zake akamaliza kwa taabu. Mwingine alirudi kwao, na hakurudi tena darasani. Hakuna aliyekuwa amewakosea. Shirika lilikuwa limebadili mawazo, basi.

Historia imejaa barua za namna hiyo. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwezi wa Desemba 1991, wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa huko waliona posho zao zikigeuka karatasi. Mwaka 1992 jina la Lumumba likaondolewa katika chuo kile. Mwaka 2023, Urusi ilipohitaji tena marafiki Afrika, likarudishwa. Jina la marehemu huenda na kurudi kwa kufuata upepo, sembuse karo ya aliye hai. Na mwaka 2025, Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, USAID, wasichana zaidi ya 80 wa Afghanistan waliokuwa wakisoma Oman kwa fedha hizo, baada ya kufungiwa vyuo kwao, walijikuta wanaambiwa wajiandae kurudi nyumbani. Wao hawakuwa na kijiji cha kuwauzia kuku. Kijiji chao ndicho kilichokatazwa kuwasomesha.

Je, nasema tukatae misaada? Hata kidogo. Mkono mtupu haulambwi, na mtoto wa maskini akipata nafasi Boston, Beijing au Berlin, na aende, tena tumsindikize kwa ngoma. Ninachosema ni kwamba ufadhili wa nje ni mvua ya msimu. Anayelima kwa kuitegemea hiyo peke yake atavuna mwaka mmoja na kulia miaka mitatu.

Sisi Kenya tulijaribu kuchimba kisima chetu. Baada ya uhuru serikali iliwasomesha wanafunzi wa chuo kikuu bure, nao wakiahidi kuutumikia umma kwa miaka mitatu. Katika mwaka wa masomo wa 1974/75 ukaja mpango wa mikopo. Wengi walichukua na wachache wakarudisha, mpaka mwaka 1995 ikaundwa kwa sheria Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, tunayoiita HELB, na sehemu kubwa ya kazi yake ikawa kuwatafuta waliokwisha kula wakanawa mikono. Tanzania nayo iliunda bodi yake kwa sheria ya mwaka 2004. Mikopo hii ina kasoro nyingi, na mwanafunzi aliyelala njaa akingoja fedha zitoke hahitaji hotuba yangu kuhusu kisima. Lakini ndiyo chungu pekee ambacho ufunguo wake haukai ng'ambo.

Na hapa ndipo ninapomgeukia msikilizaji mwenye shahada, mwenye gari, mwenye watoto katika shule za kulipia, ambaye hajalipa mkopo wake hata shilingi moja. Unasema serikali ni wezi, na zako zitaliwa. Pengine ni kweli. Lakini fedha ulizosomea hazikuwa za waziri. Zilitoka kwenye kodi ya sukari, ya sabuni na ya mafuta ya taa, aliyoitoa mama asiyekujua. Ni kuku wa nyanyangu yuleyule, ila safari hii kapigwa mnada dukani. Tofauti ni kwamba sasa kuna stakabadhi, na jina lililoandikwa juu yake ni lako.

Ombi langu la pili ni kwa vijana wa vyuo vya historia. Wazee waliochangia mwaka 1959 na 1960 wanakwisha. Chukueni daftari, mwende mkaandike nani alitoa mbuzi na nani alitoa shilingi mbili, kwa sababu majina ya wenye dola yamekwisha hifadhiwa Marekani katika kabati safi. Ya kwetu yamo vichwani, na vichwa vinazikwa kila Jumamosi.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.