Nakala moja kule Uhispania

Wandugu, kuna hesabu moja inanisumbua tangu nilipoisoma. Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti ya mwanahistoria David Pierce: kati ya filamu ndefu za kimya karibu 11,000 zilizotengenezwa kule, ni asilimia 14 tu zimebaki nzima katika utepe wa kwanza.

Zilienda wapi? Utepe wa zamani ulikuwa wa nitrati. Unashika moto haraka, na usipoungua unaoza pole pole. Julai 1937 ghala ya Fox iliwaka kule Little Ferry, New Jersey, na sehemu kubwa ya filamu zake za kimya ikateketea. Lakini tusilaumu moto peke yake. Sauti ilipoingia, makampuni ya Hollywood yaliona filamu za kimya hazina faida tena. Zingine waliziyeyusha juu ya kupata ile fedha kidogo iliyo ndani ya utepe.

Kama wenye mali walipoteza hivyo, sasa fikiria Mweusi aliyefanya kazi nje ya Hollywood. Oscar Micheaux, mtoto wa mtu aliyezaliwa mtumwa, alilima South Dakota, akaandika vitabu na kuviuza mwenyewe mlango kwa mlango, kisha akaingia kwenye sinema. Filamu yake Within Our Gates ilitoka Chicago mwaka 1920. Inaonyesha wazi wazungu wakinyonga familia ya Weusi. Wengi wanaiona kama jibu kwa The Birth of a Nation ya mwaka 1915, ile inayosifu Ku Klux Klan. Ile ya Klan haikupotea hata siku moja. Ya Micheaux ilipotea miaka mingi.

Kumbe nakala moja ilikuwa imelala Uhispania, chini ya jina La Negra! Maandishi yake yalikuwa ya Kihispania, kwa hiyo watengenezaji walilazimika kuyarudisha kwa Kiingereza, huku wakichunguza vitabu vya Micheaux ili kufuata namna yake ya kusema. Kazi iliisha mwaka 1993. Filamu yake ingine, The Symbol of the Unconquered, ilikutwa Brussels, na maandishi ya Kifaransa na Kiflama. Pale Weusi wanapowashinda Klan, utepe umekatika. Hiyo sehemu haipo mpaka leo.

Mwaka 2016 kampuni Kino Lorber ilikusanya filamu hizi na zingine za Weusi katika DVD tano, kwa msaada wa michango ya watu wa kawaida. Kwangu mimi, hapo ndipo filamu iliokoka kweli. Ikibaki ndani ya ghala moja, hata ikitunzwa vizuri, ni mtafiti mwenye viza ndiye ataiona. Ikiwa katika nyumba elfu, moto mmoja hauwezi kuimaliza.

Sisi Wakongomani tunaijua hiyo njia ya Brussels: karatasi nyingi za historia yetu ziko kule. Kwa hiyo, ndugu msomaji, mémoire yako, kaseti za mzee, picha za ndoa ya bibi, ziko na nakala ngapi? Kama ni moja, leo tengeneza ya pili, na umpe mtu wa nyumba ingine akuwekee.