Ngazi za Dolomiti Hazikuwekwa kwa Ajili ya Picha Zako

Wiki jana beshte yangu alinitumia video. Msee amesimama ukingoni mwa mwamba, chini yake ni bonde tupu, amejifunga kwa waya wa chuma uliopigiliwa kwa jiwe, na anacheka tu. Nyuma yake ni ile minara mitatu ya mawe ya Tre Cime di Lavaredo, kaskazini mwa Italia. Ujumbe wa beshte ulikuwa mfupi: "Siku moja, mimi na wewe."

Nilikubali bila kufikiria nauli wala viza. Milima ya Dolomiti, ambayo ni sehemu ya Alps, ni mizuri hadi inakera. Mchana mawe yake ni meupe, jua likizama yanageuka rangi ya waridi. UNESCO iliiweka kwa orodha ya urithi wa dunia mwaka 2009. Lakini mimi ni mtu wa maswali. Ule waya, nani aliupandisha huko? Nani alihitaji ngazi mahali ambapo hata mbuzi angeogopa?

Kumbe ni wanajeshi.

Mei 1915 Italia iliingia Vita vya Kwanza vya Dunia dhidi ya Austria-Hungaria, na mpaka wa nchi hizo mbili ulipita juu ya milima hiyo. Hadi Novemba 1917, vijana wa rika letu waliishi na kupigana huko juu, vilele vingine vikikaribia mita 3,000, baridi kali na theluji zikiwemo. Huwezi kupigania mlima kama huwezi kuupanda. Kwa hivyo walipigilia ngazi, nyaya na vigingi ili wapitishe watu, chakula na risasi. Waitaliano huziita njia za aina hii via ferrata, yaani njia ya chuma. Tuseme ukweli, si zote ni za vita. Ile ya mlima Marmolada iliwekwa 1903 kwa ajili ya wapanda milima wa kawaida. Lakini nyingi ambazo watalii wanazipenda leo zilianza kama njia za jeshi, zikaja kukarabatiwa baadaye.

Chukua Sepp Innerkofler. Huyu alikuwa mwongozaji wa wapanda milima kutoka kijiji cha Sesto, na alikuwa akiendesha nyumba ya wageni hapo hapo karibu na Tre Cime. Yaani kazi yake ilikuwa kupeleka watalii juu, vile tu tunaona kwa video. Vita ilipofika akawa upande wa Austria. Tarehe 4 Julai 1915 alitumwa kupanda mlima Paterno, mlima aliokuwa ameupanda na wateja wake, akawatoe Waitaliano waliokuwa kileleni. Alifia huko. Leo kuna njia ya chuma yenye jina lake, inapita ndani ya mahandaki yaliyochimbwa wakati wa vita.

Mahali pengine waliona kupanda hakutoshi, wakaamua kuchimba. Huko Col di Lana, Waitaliano walitoboa mlima kwa chini, wakajaza baruti, na usiku wa 17 Aprili 1916 wakalipua kilele pamoja na Waaustria waliokuwa wamekaa juu yake. Shimo lake liko hadi leo. Lagazuoi nayo ina handaki la zaidi ya kilomita moja lililochimbwa na Waitaliano, na watalii huliteremka kwa miguu. Unapanda na kigari cha waya kutoka Passo Falzarego, unavaa helmeti na tochi ya kichwani, kisha unashuka gizani ndani ya mwamba. Wanaopita huko wanasema ni raha sana. Naamini. Lakini kila hatua ya handaki hilo kuna mtu aliichimba akijua wenzake wa upande wa pili wanachimba pia.

Na mlima wenyewe haukuwa na upande. Tarehe 13 Desemba 1916, theluji iliporomoka juu ya kambi ya Waaustria kule Marmolada na kuua zaidi ya watu 200. Kamanda wao alikuwa ameomba kambi ihamishwe. Hakusikizwa.

Sasa hebu nikupeleke mashariki kidogo, Carnia, kwa sababu hapa ndipo simu ilinikwama mkononi. Huko wanaume wengi walikuwa wameenda vitani, na barabara za kufika kwa mahandaki ya juu hazikuwepo. Jeshi likageukia wanawake wa vijijini. Wengine walikuwa wasichana wa miaka 15, wengine nyanya wa 60. Walibeba kikapu mgongoni kinachoitwa gerla, vile akina mama wa kwetu hubeba kuni, na ndani yake kilo 30 hadi 40 za risasi, mkate na dawa. Wanapanda masaa kadhaa, wanashusha mzigo, wanarudi nyumbani kukama ng'ombe na kulisha watoto. Malipo: lira moja na nusu kwa safari.

Mmoja wao, Maria Plozner Mentil wa kijiji cha Timau, alikuwa mama wa watoto wanne. Februari 1916 alipigwa risasi akiwa kazini, akafa siku iliyofuata. Nishani ya dhahabu ya ushujaa alipewa mwaka 1997. Hesabu mwenyewe, ni miaka 81.

Nilikuwa nikisoma hayo ndani ya mat, tumekwama kwa jam karibu na Kariokor. Na wewe unajua Kariokor ni nini, ama unajua tu nyama choma? Jina lenyewe limetoka kwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Ni vita ile ile, miaka ile ile. Wanaume wetu walichukuliwa, wengi kwa lazima, kubeba mizigo ya jeshi hadi Tanganyika. Makumi ya maelfu hawakurudi, na wengi waliuawa na magonjwa na njaa kuliko risasi. Shosho yangu husema babu yake alikuwa na ndugu aliyeenda hivyo. Hadithi yake inaishia hapo: alienda.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Siwaambii msiende Dolomiti. Nendeni, na mimi nikipata pesa nitawapata huko. Lakini kitu ambacho kingefaa tuwaonee wivu watu wa Carnia si milima. Ni kwamba mwanamke aliyebeba kikapu kwao ana jina, ana nishani, na kijijini kuna makumbusho ukiingia unamwona. Walichelewa, lakini walifika. Sisi tuna jina la soko, na pale Kenyatta Avenue tuna sanamu za askari na mpagazi ambazo tunapita mbio tukikimbilia mat. Yule mpagazi hana jina. Tunajua vilele vya watu kwa sababu ya video, na hatujui nani wa kwetu alibeba nini.

Na usiniambie hiyo ni kazi ya serikali. Shosho wako ana namba ya simu.

Mimi nilimpigia wangu jioni hiyo, nikamuuliza yule ndugu ya babu yake aliitwa nani. Alinyamaza kidogo, halafu akasema atamuuliza dada yake mkubwa, pengine yeye anakumbuka. Bado nangoja anipigie.