Mbachao na Msala Upitao: Kipimo cha Chakula Okinawa, Krete na Kwetu

Shangazi yangu wa Tanga alikuwa na kikombe cha bati kilichobanduka rangi ukingoni. Kila jioni alipima mchele kwa kikombe hicho hicho: vikombe vitatu, watu saba. Akitokea mgeni, mchele hauongezwi. Zinaongezwa choroko, wali unageuka mseto, na sufuria inatosha. Tulikula kwenye sinia moja, kila mmoja upande wake, kitoweo kikiwa katikati. Mtoto akimaliza wake na kuanza kuchungulia upande wa mwenzake, shangazi alimwambia, "Mwanangu, acha nafasi ya maji." Basi unanyanyuka, unanawa. Katika nyumba ile hapakuwa na aliyelala njaa, wala hapakuwa na mwenye kitambi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na kazi na jiko langu mwenyewe mjini, nilipimwa presha na uzito nikaambiwa nipunguze kilo 12. Nilikabidhiwa karatasi ya mlo: shayiri ya pakiti, samaki wa kutoka ng'ambo, lozi, mtindi usio na mafuta, mafuta ya zeituni. Nilipiga hesabu nikiwa ndani ya daladala. Chakula cha wiki moja kwenye karatasi ile kingemeza matumizi ya nyumba yangu ya nusu mwezi. Niliikunja karatasi nikaitia mkobani, na kwa muda mrefu nikaamini kwamba afya ni mali ya wenye nazo.

Kilichonitoa katika imani hiyo ni kusoma habari za visiwa viwili vilivyo mbali sana nasi, Okinawa na Krete. Dunia huvitaja kama mfano wa ulaji bora, lakini mara chache husemwa kwamba ulaji uliosifiwa ulikuwa wa watu maskini. Nilipouweka karibu na sinia la shangazi, niliona mambo matatu yanayofanana: chakula cha bei nafuu, kipimo kilichowekwa na jamii, na mwishowe aibu iliyoviharibu vyote viwili.

Nianze na Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani ambako tufani hupita kila mwaka na kuulaza mpunga. Mwaka 1605 mtu aitwaye Noguni Sokan alileta mbegu ya viazi vitamu kutoka Fujian, China. Kiazi hicho, ambacho asili yake ni Amerika, kilijificha chini ya udongo upepo ukipita juu, kikawa tegemeo la wanyonge. Wali ulikuwa wa wakubwa na wa sikukuu. Takwimu za ulaji za mwaka 1949 zinaonyesha kwamba karibu theluthi mbili ya nguvu ya mlo wa Waokinawa ilitoka kwenye viazi vitamu. Iliyobaki ilitoka kwenye nafaka, soya, mboga, na samaki kidogo. Hata majani ya kiazi hayakutupwa: yalipikwa kwenye uji mzito. Wao huyaita kandaba. Sisi tunayaita matembele.

Pamoja na kiazi, walikuwa na msemo unaotamkwa kabla ya kula: hara hachi bu, yaani tumbo lijae sehemu nane katika kumi. Wazo hilo si la Okinawa peke yake. Mwaka 1713 mwanachuoni wa Kijapani Kaibara Ekiken aliandika kitabu cha kutunza afya, Yojokun, akihimiza mtu aache kula kabla hajashiba kabisa. Msomaji wa Pwani hapa atakumbuka mafundisho yaliyopokewa kutoka kwa Mtume, kwamba tumbo ligawanywe theluthi tatu: ya chakula, ya maji na ya pumzi. Shangazi hakuwahi kunisomea hadithi hiyo, lakini "acha nafasi ya maji" ilitoka humo.

Kisha mambo yakageuka. Okinawa ilikuwa chini ya utawala wa Marekani kuanzia 1945 hadi 1972. Kambi za jeshi zilileta nyama ya kopo, na mwaka 1963 ukafunguliwa mgahawa wa Kimarekani wa hamburger, miaka minane kabla ya McDonald's kufika Tokyo. Kiazi kikaonekana chakula cha shida za vita. Mwaka 1985 wanaume wa Okinawa walikuwa wa kwanza Japani kwa umri wa kuishi. Katika hesabu ya mwaka 2000 walikuwa wa 26 kati ya mikoa 47. Wazee waliokulia viazi waliendelea kuishi, huku watoto wao wakipatwa mapema na unene, kisukari na maradhi ya moyo.

Krete, kisiwa cha Ugiriki, kina hadithi yake. Mwaka 1948, vita vikiwa vimeacha ufukara, taasisi ya Rockefeller Foundation ilituma wataalamu kuchunguza maisha ya watu. Walikuta mkate wa nafaka, dengu na maharage, matunda, mboga za majani na mafuta ya zeituni ya mashamba yao wenyewe, na nyama kwa nadra. Watu hawakujivunia mlo huo. Waliutamani ubadilike, wapate nyama zaidi. Kuanzia 1958 mtafiti Ancel Keys na wenzake walifuatilia afya za wanaume katika nchi saba, na wanaume wa Krete wakaonekana kufa kwa maradhi ya moyo kwa kiwango cha chini mno.

Mboga ya Krete inayonigusa zaidi ni horta, majani ya mwituni ambayo wanawake huyachuma mabondeni baada ya mvua, wakayachemsha na kuyatia mafuta na ndimu. Aliyewahi kufuatana na akina mama wa Usambara wakichuma mboga pori kingoni mwa shamba atalitambua tendo hilo: kisu kidogo, kapu, na macho yanayojua jani lipi linalika na lipi ni sumu.

Kipimo cha Wakrete kiliwekwa kwenye kalenda. Kanisa la Kiorthodoksi huwataka waumini wafunge nyama, maziwa na mayai Jumatano na Ijumaa nyingi, wiki zote za Kwaresima, siku 40 kabla ya Krismasi na nusu ya kwanza ya Agosti. Ukijumlisha, ni kati ya siku 180 na 200 kwa mwaka. Hivyo maharage na majani hayakuwa chakula cha kushindwa maisha. Tajiri na maskini walikula supu ileile ya maharage siku ileile. Leo kufunga kumepungua, nyama na vitafunwa vimejaa, na watoto wa Ugiriki ni miongoni mwa wenye unene mkubwa zaidi Ulaya. Hata hivyo mwaka 2010 UNESCO iliuingiza ulaji wa nchi za Mediterania katika orodha ya urithi wa binadamu. Chakula cha wenye dhiki kiliheshimiwa wakati wenyewe wakikiacha.

Hapa ulinganisho unatoa somo ambalo kila kisiwa peke yake hakiwezi kulitoa. Waokinawa walikula mafuta kidogo sana na wanga mwingi. Wakrete walipata karibu asilimia 40 ya nguvu ya mwili kutoka kwenye mafuta. Milo hiyo inapingana kama kaskazini na kusini, lakini wote walikuwa wembamba. Basi siri haimo ndani ya kiazi wala ndani ya zeituni, na hakuna sababu ya mtu wa Mbagala au Kisauni kujinyima ili anunue kimojawapo. Walichofanana ni jamii ya kunde karibu kila siku, majani kwa wingi, sukari na nyama kidogo, kazi ya mwili kuanzia alfajiri, na kipimo ambacho mtu hakujiwekea mwenyewe.

Nasi tulikuwa navyo vyote. Sukuma wiki ya Kenya imebeba bajeti katika jina lake: ni mboga ya kuisukuma wiki mpaka mshahara ufike. Makande ya Tanzania, ambayo Kenya huitwa githeri, huunganisha mahindi na maharage kwenye chungu kimoja. Kuna mbaazi, kunde, mlenda, kisamvu kilichotwangwa na kuchemshwa vizuri, na dagaa wanaoliwa wazima pamoja na mifupa yao iliyojaa kalsiamu. Vipimo vyetu tuliviweka kwenye vyombo: kibaba, pishi ya vibaba vinne, kikombe cha bati, sinia.

Aibu imetufikia kwa njia tofauti na wenzetu. Ya kwanza ni weupe wa unga. Ili tupate sembe tunakoboa mahindi, tunaondoa ganda na kiini vyenye nyuzinyuzi, mafuta mema na vitamini, kisha pumba tunawapa kuku. Dona inashibisha mapema zaidi, lakini mgeni akiandaliwa dona mwenyeji hujitetea. Hata mboga tunaiombea radhi: "Karibu, ila leo tunakula mboga tu." Ya pili ni nyama ya mwili wenyewe. Kitambi kimekuwa cheti cha mafanikio, na "umenenepa" ni salamu ya kupongeza. Ya tatu ni jeraha. Ukimwi ulipoingia Uganda na Kagera katika miaka ya 1980, Uganda waliuita Slim kwa jinsi ulivyomkondesha mtu. Kizazi changu kiliwaona wajomba na mama wadogo wakiyeyuka. Ndiyo maana mama anapokuona umepungua, hata kama umejipunguza kwa makusudi, moyo wake hushtuka kabla hajauliza. Mtu yeyote anayetuhimiza kupungua uzito sharti aiheshimu hofu hiyo.

Tena nisije nikaupamba umaskini. Waokinawa wa miaka ya 1920 walipitia njaa hata wakala shina la mti wenye sumu, na baadhi wakafa. Kwetu utapiamlo bado unadumaza watoto. Uhaba haumpi mtu afya. Kinachofaa kuokolewa ni busara ambayo watu waliijenga ndani ya uhaba.

Kila kipimo kina udhaifu wake pia. Msemo hufa mezani pasipo mzee wa kuutamka. Kalenda hukwepwa: Ramadhani tunafunga mchana, na jioni futari inajaa viazi vya nazi, sambusa, kaimati na juisi ya sukari, hivyo wengi wanautoka mwezi wameongezeka. Chombo nacho hupoteza nguvu pale kila mtu anapopakua sahani yake na kwenda nayo mbele ya televisheni. Kwa hiyo nyumbani kwangu nilivichukua vyote vitatu.

Cha kwanza kilikuwa chombo. Tulikuwa watano, kila mtu vikombe viwili vya chai, kila kikombe vijiko vitatu vya sukari. Kijiko cha chai kina kama gramu 4, hivyo tulimaliza gramu 120 kwa siku, kilo 3.6 kwa mwezi, kwenye chai peke yake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu ya mlo, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, yaani karibu gramu 25 kwa mtu mzima, soda na vinywaji vingine vikihesabiwa humo. Tulishuka hadi kijiko kimoja, na kilo 2.4 zilizobaki dukani zikawa maharage na dagaa. Mafuta tuliacha kuyamimina, tukayapima kwa kijiko, maana kijiko kikubwa kimoja kina kalori kama 120. Soda ya mililita 300, yenye takriban gramu 30 za sukari, tuliirudisha mahali pake pa zamani: sikukuu.

Kisha kalenda. Jumatatu hadi Alhamisi ni maharage, choroko, kunde au dagaa. Nyama au samaki mkubwa ni wa mwisho wa wiki. Maharage watu huyakimbia kwa sababu hula mkaa mwingi, nami siwalaumu. Dawa yake ni kuyaloweka usiku, kumwaga maji yale asubuhi, kuyafunika vizuri yakiwa jikoni, na kuchemsha ya siku mbili kwa moto mmoja. Sahani tuliigeuza: nusu mboga, robo maharage, robo ugali wa dona, tonge la ukubwa wa ngumi. Mwenye kutumia dawa za kisukari azungumze na daktari wake kabla ya kupunguza wanga.

Mwisho msemo. Nilianza kuwaambia wanangu waache nafasi ya maji. Mwanzoni walinitazama tu. Sasa mdogo humwambia kaka yake.

Kilo 12 zilitoka kwa zaidi ya mwaka mmoja, bila shayiri ya pakiti. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Tulipouacha mkeka wetu, tuliuacha kwa kuuonea haya, na haya hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote sokoni. Mwezi uliopita shemeji yangu alikuja bila taarifa wakati wa chakula cha mchana. Nilimwandalia matembele, mbaazi na dona kwenye sinia, nikamkaribisha kwa neno moja tu: "Karibu."