Vikongwe, Daftari na Mvua

Kwetu Usukumani, kusini mwa Ziwa Viktoria, mauaji ya vikongwe yameelezwa miaka yote kwa neno moja: uchawi. Bibi ana macho mekundu kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe alivyopikia maisha yake yote. Mtoto wa jirani anaugua. Usiku wanakuja watu na mapanga, na asubuhi polisi huandika jina jingine katika daftari.

Daftari hilo ni zito. Kwa hesabu za serikali, kati ya 1970 na 1984 waliuawa Tanzania Bara watu 3,693 walioshukiwa uchawi. 2,286 kati yao ni wanawake. Sehemu kubwa ilitoka Mwanza na Shinyanga. Si kwamba hatua hazikuchukuliwa. Mwaka 1976 vyombo vya dola vilikamata watu wengi katika mikoa hiyo. Baadhi yao wakafa kwa mateso wakiwa kizuizini, na Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu kwa kuwajibika. Kuanzia 1982 wanavijiji wenyewe waliunda sungusungu, kwa filimbi, pinde na mishale. Wezi wa ng'ombe walipungua, lakini vikongwe hawakupata nafuu: wapo sungusungu waliowaandama akina mama walioitwa wachawi.

Nikiitazama historia hiyo, naona kwamba kila mara tuliwahesabu waliokufa na kumsaka muuaji, bila kuuliza mwaka wenyewe ulikuwa wa neema au wa njaa. Swali hilo alilishika mchumi wa Marekani, Edward Miguel. Alikusanya habari za vijiji 67 vya Meatu, wilaya iliyokuwa wakati huo mkoani Shinyanga, akazilinganisha na kumbukumbu za mvua. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2005 yanasema hivi: katika miaka ya ukame au mafuriko, mauaji ya "wachawi" yalikuwa maradufu, ilhali mauaji mengine hayakuongezeka. Karibu wote waliouawa walikuwa wanawake, aghalabu wazee wa kaya maskini, na mara nyingi muuaji alikuwa ndugu.

Sisemi kwamba imani haimo katika jambo hili. Imo, tena imekita mizizi. Lakini imani ilikuwapo miaka yote, ya mvua njema na ya mvua mbaya. Kilichobadilika ni chakula chunguni, na kikongwe akaonekana mdomo wa ziada.

Basi kinga haiwezi kuwa pingu na mahubiri peke yake. Miguel alipendekeza pensheni kwa wazee. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi. Fedha hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kuzuia mauaji, wala si nyingi. Hata hivyo, mvua inapokosa, bibi mwenye chake cha kununulia unga hategemei huruma ya nduguze tu.