Heshima Katika Kazi

Wako watu wanaodhani ya kuwa mfanyakazi hutafuta fedha tu, naye akiisha kulipwa hana neno tena. Habari za nchi ya Tanzania zatuonyesha vingine.

Zamani za utawala wa Waingereza, katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, kazi ilihesabiwa kwa kipande, nacho kilikuwa cha siku 30. Mtu mwenye mvi na wajukuu aliweza kuitwa "boi" na kijana wa umri wa mwanawe. Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, watu walitumaini ya kuwa dharau itakwisha. Walakini baadhi ya wakubwa wapya walikalia viti vya wale wa kwanza, wakarithi na ndimi zao.

Basi Februari 1970 Rais Julius Nyerere alitoa waraka, akaagiza yawepo mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Februari 1971 chama cha TANU kikatoa Mwongozo, na kifungu chake cha 15 kilimkataza kiongozi kiburi, dharau na uonevu. Maneno yale yalikuwa machache, lakini yalikuwa ya Kiswahili. Hata mfagizi aliyejua kusoma aliyafahamu.

Hapo mambo yakageuka. Tangu mwaka ule hata 1973 migomo mingi ilitokea viwandani, na mara nyingi kisa hakikuwa mshahara, bali meneja aliyetukana watu. Wafanyakazi walimkumbusha mkubwa wao kifungu cha 15. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walimkataa mwenye kiwanda, wakakishika wenyewe, na serikali ikawakubalia. Lakini wengine walipojaribu kufanya vivyo hivyo walizuiwa, na wako waliofukuzwa kazi. Kipimo kile kilikuwa chema, ila si kila mkubwa aliyependa kupimwa.

Twajifunza nini? Heshima iliyo hisani ya mkubwa huondoka naye. Siku akiamka na hasira, haipo. Heshima iliyoandikwa, ambayo mdogo aweza kuidai pasipo kupoteza riziki yake, hiyo hukaa. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 yamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, na kumnyanyasa kumehesabiwa kuwa namna ya ubaguzi. Lakini sheria isiyoweza kutajwa mbele ya mkubwa ni kama jembe lililofungiwa ghalani.

Wala tusidhani ya kuwa habari hii ni ya viwandani tu. Kijana atuchungiaye ng'ombe na binti atupikiaye, je, twawaita kwa majina yao? Nao wakiona tumewakosea, waweza kutuambia jioni, na asubuhi wakaikuta kazi yao ingalipo? Tujibu neno hili kwanza nyumbani mwetu, ndipo tuwahukumu mameneja.