Umri wa Kijana na Daftari la Mwalimu wa Mpira

Huko Kagondo, kama katika vijiji vingine vya Mkoa wa Kagera, mtoto huanza kucheza na mpira uliofungwa kwa majani makavu ya migomba. Kutoka hapo hadi uwanja wa Kaitaba, mjini Bukoba, si mbali sana. Lakini kutoka Kaitaba hadi timu ya taifa ni safari ndefu, na mlezi wa safari hiyo ni mwalimu wa mpira. Historia ya Serengeti Boys, timu ya Tanzania ya vijana wasiozidi miaka 17, yaonyesha kwamba kazi ya kwanza ya mlezi huyo si kufundisha chenga, bali kutunza ukweli.

Tanzania ilikwisha kujipatia nafasi katika mashindano ya Afrika ya mwaka 2005, ikaondolewa kwa sababu ilimchezesha mtu aliyezidi umri. Kosa la mmoja likawafungia njia wote.

Mwaka 2009, katika Kombe la Dunia la vijana huko Nigeria, FIFA ilianza kupima mfupa wa kifundo cha mkono kwa mashine. Kwa kijana, ncha ya mfupa huo bado haijaungana kabisa na mwili wake; ikikwisha kuungana, yamkini miaka 17 imepita. Kipimo cha namna hiyo ndicho kilichowarudishia Watanzania haki yao. Timu ya Kongo Brazzaville iliwatoa katika mchujo wa mashindano ya mwaka 2017, lakini mchezaji wake mmoja aliyetiliwa shaka hakufika kupimwa. Kongo ikaondolewa, Serengeti Boys wakaenda Gabon, wakatoka sare na Mali na kuishinda Angola, kabla ya kufungwa na Niger.

Mashine, hata hivyo, haifiki kijijini. Huko lipo daftari tu: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, jina la shule, na tarehe ambayo kijana alijiunga na timu. Daftari hilo lina thamani ya fedha pia. Tangu mwaka 2001, sheria za FIFA huzigawia klabu zilizomlea mchezaji, toka umri wa miaka 12 hadi 23, asilimia 5 ya malipo ya uhamisho wake kati ya nchi na nchi. Klabu iliyoghushi umri imeharibu hesabu yake yenyewe.

Mbona basi walimu wengine hudanganya? Kwa sababu viongozi huwapima kwa vikombe. Kituo chenye busara humpima mwalimu kwa idadi ya vijana waliopanda ngazi bila kuacha masomo. Maana kila mtu mzima avaapo fulana ya kijana, kijana mmoja wa Kagondo hubaki nyumbani, wala hapana kikombe kiwezacho kumlipa. Wahenga walikwisha kusema: njia ya mwongo ni fupi.