Chokoleti, mgeni asiyelihimili jua

Kwenye duka la jirani yangu, Sinza, chokoleti hukaa ndani ya friji la soda, rafu ya juu, nyuma ya chupa za maji. Umeme ukikatika saa sita mchana ukarudi saa kumi, hakuna anayeona tofauti kwa nje. Karatasi ni ileile, bei ni ileile. Mnunuzi ndiye hukuta mambo akishafika nyumbani: kipande kimepauka, kina weupe juu yake kama mguu usiopakwa mafuta. Anarudi nacho dukani kwa hasira kwamba ameuziwa kitu kilichooza. Mwenye duka naye anaapa kuwa mzigo ameupokea juzi tu, na hasemi uongo. Chokoleti haijaoza wala haijakaa sana. Imeyeyuka, ikaganda tena, na mafuta yake yakapanda juu.

Ugomvi huo ni mkongwe kuliko friji lenyewe, na chanzo chake ni mafuta ya kakao. Mafuta haya yanaweza kuganda kwa namna sita. Ile wanayoitafuta watengenezaji, inayoipa chokoleti mng'ao na ule mlio wa "ka!" inapovunjwa, huyeyuka kwenye nyuzijoto 34 hivi. Mwili wa binadamu una 37. Utamu wote uko hapo: kitu kigumu mkononi, kikigusa ulimi kinalainika chenyewe. Ila nyuzijoto 34 si ajabu kabisa ndani ya duka la bati mchana wa Februari. Pwani yetu ilikuwa na vitamu vyake vinavyolijua jua, kama halua ya Pemba, visheti na kashata. Kashata ikishinda kwenye sinia barazani, jioni utaikuta kashata.

Jibu la kwanza lilipatikana bila mtu kukusudia. Mwaka 1828 familia ya Van Houten, huko Uholanzi, ilipata hataza ya mashine ya kukamua mafuta kutoka kwenye kakao. Makapi yaliyobaki yalisagwa yakawa unga, na unga hauna mafuta mengi ya kuyeyuka. Ndiyo maana katika nchi nyingi za joto kakao iliingia kwa njia ya kikombe, ndani ya kopo, miaka mingi kabla ya kipande cha kutafuna kuwa kitu cha kawaida. Milo, ambayo wengi wetu tumeilamba kavu kwa kijiko mama akiwa hayupo, ilibuniwa Australia mwaka 1934 na Thomas Mayne. Matatizo yaliletwa na kampuni ya Fry ya Bristol mwaka 1847, ilipoyarudisha mafuta yale kwenye kakao na sukari, ikatengeneza chokoleti ya kula.

Waliohangaika zaidi na joto walikuwa wanajeshi, si wafanyabiashara. Aprili 1937 Kapteni Paul Logan wa jeshi la Marekani alikwenda kwenye kiwanda cha Hershey, Pennsylvania, akiwa na masharti manne. Kila mche uwe na wakia 4, yaani gramu 113 hivi. Uutie mwili nguvu nyingi. Uvumilie joto kali. Na ladha yake izidi kidogo tu ya kiazi cha kuchemsha. Sharti la mwisho halikuwa mzaha. Logan alitaka chakula cha dharura, na alijua kwamba askari akipewa kitu kitamu atakimaliza kabla dharura yenyewe haijafika. Mkemia wa kiwanda, Sam Hinkle, alichanganya chokoleti na unga wa oti na maziwa ya unga, akabana sukari. Donge lililotoka lilikuwa zito hata likagoma kumiminika kwenye kalibu, ikabidi wafanyakazi walikande na kulishindilia kwa mikono.

Ladha ya kiazi waliipata, pengine na chini ya hapo. Askari waliukwangua mche ule kwa kisu, na wengine wakawabadilishia watu wasioujua. Mwaka 1943, vita vilipopamba moto Pasifiki, ikatoka Tropical Bar, iliyotakiwa kukaa saa nzima kwenye nyuzijoto 49 bila kupoteza umbo. Ikaweza. Mwaka 1990 Hershey wakarudia tena kwa ajili ya askari waliopelekwa Ghuba, safari hii kwa nyuzijoto 60. Masalio ya mzigo huo yalipouzwa kwa raia, watu walionja kwa udadisi, kisha wakarudi kwenye chokoleti waliyoizoea.

Mimi nauona ujanja wa Forrest Mars kuwa bora kuliko yote hayo. Mwaka 1941 alianza kuuza M&M's, tembe za chokoleti zilizovikwa ganda la sukari, na jeshi likawa miongoni mwa wateja wake wa mwanzo. Chokoleti ya ndani ilibaki chokoleti. Ganda ndilo lililopambana na jua. Wengine walichagua njia ya mkato: kutoa mafuta ya kakao na kutia ya mawese au ya kiini chake. Ndiyo hiyo iliyopakwa kwenye biskuti nyingi za bei nafuu. Haikuchafui vidole, lakini mdomoni huacha utando kama wa mshumaa.

Kwa hiyo chokoleti yenyewe ilibaki ileile, ikabadilika njia ya kuifikisha kwa mlaji. Leo mwagizaji anayejali mzigo wake huuleta kwa kontena la baridi, lililowekwa kwenye nyuzijoto kama 15 hadi 18, na lazima lichomekwe umeme hata likiwa limesimama bandarini. Gharama hiyo imo kwenye bei unayolipa. Cha kushangaza, mbegu za kakao haziombi baridi yoyote. Zile za Kyela, au za Mbingu katika bonde la Kilombero, huchachushwa, huanikwa juani, hutiwa kwenye magunia na kuondoka kwa kontena la kawaida. Kuna chokoleti inayotengenezwa San Francisco kwa kakao ya hapa, yenye jina la Tanzania kwenye karatasi yake. Kilichotoka hapa na jua lake, kikitaka kurudi kinahitaji kubembelezwa kwa barafu.

Basi ukienda kununua, chukua iliyo mbali na mlango wa friji, na uikwepe iliyolazwa jirani na samaki, maana mafuta ya kakao hunasa harufu upesi. Ukifika nyumbani iache kidogo nje ya friji kabla ya kuifungua, isije ikatoa jasho. Na ukiikuta ina weupe mkavu usionuka, usigombane na mwenye duka. Ivunjie kwenye maziwa ya moto unywe.